Sauti ya Sal Hazim

Bibi Sulama aliisikiliza kaseti hadi mwisho, kisha akaifunika redio kwa ncha ya shela yake.

"Zima," alisema.

Inspekta Sulayyim bin Mutlaq akabonyeza kitufe. Nje ya kibanda cha makuti watu walikuwa wakiangua tende na kutaniana kutoka mtende hadi mtende. Ilikuwa katikati ya kiangazi, majira ambayo sisi watu wa mlimani tunafunga nyumba zetu, tunaacha shayiri ndani na kuteremka pwani mpaka tende ziishe. Juu hubaki mawe na jua. Safari hii Rafia binti Khatir naye alikuwa amebaki huko, kama bado alikuwa hai.

Rafia alikuwa mwalimu wa wasichana mjini Khasab, na likizo zake zote alizimalizia kwa wazee wa mlimani akiwarekodi wanavyozungumza. Alisema lahaja yetu itazikwa nao asipoifanyia kitu. Watu walimcheka: nani mwenye akili zake atakaa kusikiliza vikongwe wakizungumza habari za mbuzi na mvua? Naye alicheka nao, akaendelea kugeuza kaseti. Karibu wiki nzima iliyopita alipanda mlimani kwenda kujionea majabali na matuta ambayo mzee Dawud, marehemu sasa, alikuwa amemtajia majina yake. Hakurudi. Siku ya pili baba yake alikuta kaseti mlangoni pake, imefungwa kwenye mtandio wa binti yake.

Sauti ya mwanamume iliyokuwa ndani ilisemea kwenye kitambaa, lakini maneno yalisikika vizuri. Binti yako yuko kwangu, Khatir. Choma kaseti zote za mzee Dawud juu ya paa lako. Nikiona moshi, atarudi.

Khatir alizichoma jioni ile ile, na mji mzima ukauona moshi. Rafia hakurudi.

"Ni mtu wa wapi, bibi?" Sulayyim aliuliza.

Bibi Sulama akasema masikio yake yamechoka, na redio za siku hizi zina kelele. Alisema hayo huku akiuchungulia mlango kama anayeviziwa, na yeye ni mwanamke aliyewahi kumuua fisi kwa shoka la mumewe. Sulayyim aliingiwa na hofu kumwona hivyo. Hofu yenyewe alikuja nayo tangu kituoni. Watu wetu husikika wametoka bonde gani kabla hujajua wanasema nini. Wa upande wa magharibi wanakata maneno, kama wanaogopa yataisha. Wa Sal Hazim wanayavuta, kwa sababu kitongoji chao kimekaa pande mbili za korongo, na tangu wakiwa wadogo wanaitana kwa mbali. Mtu aliye kwenye kaseti aliyavuta. Mama yake Sulayyim alikuwa wa Sal Hazim, na sauti ile ilikuwa imembembeleza utotoni. Alikuja kwa Bibi Sulama akitumaini kuambiwa kuwa amekosea.

"Ni Sal Hazim?"

"Mimi sikusema."

"Hukusema, bibi."

"Basi usiseme kwamba nimesema," alisema, akamsukumia sahani ya tende ili majirani wakipita waone mgeni anakula tu.

Kituoni, Koplo Marhun alikuwa bado anamhoji Dad Karim, dereva mgeni wa lori la maji. Wakubwa walitaka Dad Karim ashtakiwe, kwa kuwa ndiye aliyempandisha Rafia na kifurushi chake cha vitafunio kilikutwa kwenye lori. Marhun, mtu wa bara mwenye kitambi na maneno mengi, naye alikuwa ameshaanza kuwaamini wakubwa.

"Ulimshusha wapi?" Sulayyim aliuliza.

"Mwisho wa barabara. Nimesema mara mia."

"Nani alimpokea?"

"Mwanamume. Ana shoka."

"Wanaume wote wa mlimani wana shoka."

"Basi kamata wote. Mimi nina moja tu la kusema."

Sulayyim akamwambia aliseme hilo moja polepole. Dad Karim akaeleza kwamba yule mwanamume alitokea nyuma ya jabali, akamsalimu mwalimu kwa jina lake, akachukua begi na kutangulia njiani. Hakumwuliza anakwenda wapi. Mwalimu naye alimfuata akicheka. Dereva aliona wanafahamiana, akageuza lori.

Sulayyim akaamuru afunguliwe. Marhun akanong'ona kwamba huenda mtu wa kwenye kaseti ana mwenzake, naye ni dereva huyu. Sulayyim akamjibu kuwa Dad Karim amekaa nchini miaka mingi na bado akiomba chumvi analetewa maji. Hata angefundishwa mwaka mzima asingeweza kusema kama yule wa kwenye kaseti. Na mtu wa mlimani hachukui mgeni mwenza katika jambo la namna hii. Aliyefanya alifanya peke yake, na alimjua Rafia, na alijua mzee Dawud alisema nini kwenye kaseti zile.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu, maana kaseti zilikuwa majivu. Lakini Khatir hakuwa mjinga. Sulayyim alimkuta ameketi kwenye ngazi ya nyumba yake, hajanyoa wala hajala, na kahawa mbele yake imepoa na inzi ndani.

"Ami Khatir, ulizisikiliza kabla ya kuzichoma?"

Mzee alisukuma kikombe pembeni.

"Mimi ningezisikiliza," Sulayyim alisema. "Ningetaka kujua binti yangu ametekwa kwa ajili ya nini."

"Nikisema, Sulayyim, patachinjwa watu."

"Usiposema atakufa mmoja. Juu kule hakuna maji, ami. Unajua joto la sasa."

Khatir akafunika uso kwa viganja na kuyasema yote humo humo, bila kuinua kichwa. Mzee Dawud, katikati ya hadithi ya mizinga ya nyuki, alikuwa ameeleza jinsi Sanqur wa Sal Hazim alivyomsukuma mwenzake kutoka kwenye jabali kwa ugomvi wa asali, kisha akatangaza kwamba ameteleza. Watu wakaamini, wakazika. Sanqur alikufa zamani kitandani pake. Lakini yule aliyesukumwa aliacha wana, nao wapo, wana bunduki, na mpaka leo kila Idi wanakula nyumba moja na mwana wa Sanqur. Siku ya kurekodi, mwana huyo alikuwa ameketi pembeni akimmiminia mzee kahawa. Anaitwa Hulays. Ana wavulana wanne.

"Anawaogopea wanawe," Khatir alisema. "Ningekuwa yeye, na mimi ningeogopa. Nilidhani nikichoma atamwachia. Mimi kosa langu nini?"

Sulayyim alikuwa ameshainuka. Alijua kwa nini moshi haukutosha. Kaseti zinaungua, ila Rafia alikuwa ameshayasikia maneno yale, na sasa alijua pia ni nani aliyemteka. Hulays aliogopa kumwachia na aliogopa kumwua. Mtu wa namna hiyo hungoja mambo yajimalize yenyewe, na maji yoyote aliyomwachia yakiisha, kiu ingeyamaliza.

Sulayyim na Marhun walipofika kwenye shamba la mitende la watu wa Sal Hazim, Hulays hakuwepo. Mkewe alisema ameondoka asubuhi kwenda kuangalia mbuzi, na alisema bila kuwatazama. Mbuzi walikuwa nyuma yake, wote, wakila maganda.

Landirova iliwafikisha mwisho wa barabara, na kutoka hapo wakapanda kwa miguu. Marhun alibeba mtaimbo na maji, Sulayyim bastola na maji. Njia ile imechongwa kwenye ukuta wa jabali, upana wake unatosha punda mmoja, na kila kona Sulayyim alijua mtu aliyetulia nyuma yake na shoka angemwahi kabla hajagusa kiuno. Alikuwa amepita hapo utotoni akikimbia. Sasa alipita ubavu ukisugua jiwe, akaona aibu, na aibu haikumwondolea hofu.

Sal Hazim ilikuwa kimya kabisa. Nyumba zetu za kufuli wageni huziona kama marundo ya mawe, maana nusu yake imo ardhini, na kuta zake zimejengwa kwa mawe ambayo hujui nani aliyanyanyua. Mlango ni mdogo na mnene, unaingia umeinama kama unayesujudu. Kila mlango una kufuli la mbao ambalo mwenyewe tu ndiye anayelijua. Pande zote mbili za korongo milango ilikuwa imefungwa, na mbele ya kila mmoja vumbi la kiangazi.

Sulayyim akasimama katikati, akaweka kiganja kwenye shavu kama tunavyofanya tukiitana, akaita kwa lahaja ya mama yake. "Rafia! Rafia binti Khatir! Tumekuja kukuchukua."

Sauti ikaenda ng'ambo na kurudi. Hakuna kitu. Akaita mlango kwa mlango, akianza na wa Hulays, akigonga kwa ngumi. Hakuna kitu.

Marhun akaketi kivulini, uso mwekundu. Alisema afande asiudhike, lakini mtu aliyefungwa angepiga kelele mpaka mawe yapasuke. Hapa hapana mtu. Huenda wamemtupa korongoni, na waanze kutafuta kule chini kabla jua halijaharibu kila kitu. Kuivunja milango yote hii kwa mtaimbo mmoja kungewachukua hadi kesho kutwa, na maji waliyobeba yalikuwa ya leo.

Sulayyim aliona maneno hayo yana akili, na ndiyo sababu yalimtisha. Akaenda ukingoni mwa korongo kutazama chini. Hakuona mwili. Aliona vigae.

Vilikuwa vigae vinene vya udongo mwekundu, vikubwa, vimetawanyika kwenye mteremko, na kingo zake zilikuwa bado safi. Marhun alivitazama na kusema ni mtungi tu umevunjika.

"Mtungi wa nani?" Sulayyim alimwuliza.

"Wa yeyote. Kwetu mitungi inavunjika kila siku."

Sulayyim akamweleza, harakaharaka, jambo ambalo kwetu hata mtoto haelezwi. Mitungi ya nyumba ya kufuli huwekwa kabla ya paa, na mingine kabla ya kuta. Ni mikubwa kuliko mlango. Nyumba hujengwa kuizunguka, nayo hukaa humo vizazi na vizazi, imejaa shayiri, bega kwa bega, hata mwenye nyumba anapita kwa ubavu. Hakuna mtungi unaotoka mlangoni mzima. Ukitoka, umevunjwa ndani kwa makusudi, na mtu haukosei mtungi wa babu yake heshima kiasi hicho isipokuwa anahitaji nafasi sana.

"Nafasi ya nini?" Marhun aliuliza, kisha akajijibu: ya mtu.

Ilibaki kujua ni nyumba ipi, maana vigae vilitupwa kutoka ukingoni na havikusema vimetoka mlango gani. Sulayyim akajiuliza shayiri imekwenda wapi. Mtungi mmoja unajaza magunia, na korongoni hapakuwa na punje. Akaanza kukagua mazizi. Kwenye la tatu alikuta jiwe bapa ambalo mbuzi hawana haja nalo, akaliinua. Chini yake kulikuwa na viriba vya ngozi vilivyofungwa vizuri midomoni, vimejaa shayiri, na juu yake majani makavu ya kuzuia panya. Mtu aliyekuwa tayari kumwacha binti wa watu afe kwa kiu hakuweza kumwaga nafaka. Sulayyim alitazama mafundo ya kamba na moyo ukamuuma, kwa sababu hata yeye asingeweza.

Zizi lile lilikuwa la nyumba ya zamani ya Sanqur, ambayo Hulays haishi, ameifanya ghala tu. Vumbi la mlangoni lilikuwa limelala, ila lilikuwa la unga mno; lilikuwa limerushwa kwa mkono.

Akapiga magoti na kuweka mdomo kwenye ufa wa mlango. Akasema kwa upole, kwa maneno yale yale ya kuvuta ambayo mama yake alimtulizia homa, kwamba yeye ni Sulayyim wa Mutlaq, asiogope, wamefika. Akageuza sikio. Mwanzoni palikuwa na kitu, mkwaruzo kama wa kisigino kwenye udongo. Akasema tena, na mkwaruzo ukakoma. Akasema mara ya tatu, na kimya kilichotoka ndani kilikuwa cha mtu anayezuia pumzi.

Ndipo akafahamu. Kwa siku zote hizo, kila mtu aliyekuja kwenye ufa huu alisema hivi. Kwa sauti hii hii, kwa upole huu huu labda. Alikuwa amezunguka kitongoji kizima akimwita kwa mdomo wa aliyemfunga, na kila alipoita alimzidishia kujificha.

Akarudi nyuma kwa magoti na kumwashiria Marhun.

"Sema naye wewe," alimnong'oneza kwa Kiarabu cha kambini.

"Niseme nini?"

"Chochote. Kwa lahaja ya kwenu. Usiniige."

Marhun, ambaye hajawahi kukosa maneno tangu azaliwe, akayakosa. Akafuta jasho, akainama kwenye ufa. "Dada," alisema, "mimi naitwa Marhun, ni mtu wa bara, wa mashambani. Mimi si wa huku. Huku hata kahawa yao siiwezi."

Marhun akasogea karibu zaidi na ufa.

"Mama yangu ana shamba dogo karibu na mfereji wa kijiji. Mdogo wangu alitumbukia humo siku ya harusi yake na nguo zote. Ilibidi aazime kanzu ya baba mkwe, na baba mkwe ni mfupi."

Kitu kiligonga mlango kutoka ndani, kidogo, karibu na ardhi.

"Sema tena," ilisema sauti iliyokauka.

"Niseme kuhusu harusi?"

"Sema tu."

Marhun akasema kuhusu harusi, machozi yakimtiririka, na huku akisema akaingiza mtaimbo kwenye kufuli la mbao.

"Kuna mwingine hapo," Rafia alisema. "Nimemsikia. Aondoke kwanza."

"Ni mkubwa wangu, dada. Ni mtu mwema."

"Aondoke."

Sulayyim akaondoka. Alipita nyuma ya zizi, akashuka hadi pale njia inapoingia kitongojini, na hapo akamwona Hulays akipanda.

Hulays alikuwa na shoka mkononi, kama kawaida, na chupa ndogo kiunoni. Maji ya mpandaji mwenyewe tu; ya mateka hakubeba. Sulayyim aliitazama chupa ile kabla hajalitazama shoka, akatoa bastola. Hulays alisimama hatua chache chini yake. Uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala, na kwa muda hakuna aliyejua mwenzake atafanya nini. Kisha Hulays akafanya kile tunachofanya sote tukikutana njiani, hata na adui. Akaanza salamu.

"Salaam aleikum, mpwa wangu. Habari za nyumbani? Mungu amrehemu mama yako. Habari za mvua?"

Kwetu salamu haikatwi. Aliyesalimiwa hujibu yote, moja moja, na kuuliza zake, hata kama nyumba inaungua. Sulayyim hakuwahi maishani kuacha salamu ya mjomba, mtu wa ukoo wa mama yake, hewani. Lakini mlango ulikuwa karibu, na upepo uliokuwa unapanda ungemfikishia Rafia sauti ile. Akaweka kidole mdomoni.

"Hujibu salamu?" Hulays alisema, na sauti ikaanza kupanda. "Nimekukosea nini hata—"

Sulayyim akasogea na kumwekea mdomo wa bastola kifuani. Shoka likaanguka. Pingu zikafungwa bila neno. Aliketi naye kwenye jua, mjomba na mpwa, mpaka alipomwona Marhun akipita ng'ambo amembeba mtu mgongoni, bado anaongea.

Kwenye Landirova Rafia alikaa mbele na Marhun, amefunikwa koti la polisi, akinywa maji kidogo kidogo kwa kizibo. Sulayyim alikaa nyuma na mtuhumiwa na hakufungua mdomo.

Khatir alikuwa akiwangoja barabarani kabla hawajaingia mjini. Hakuna aliyejua nani alimpelekea habari. Alikimbia kando ya gari kabla halijasimama, kilemba mkononi, akimwita binti yake kwa majina yote ya utotoni, kwa lahaja ile ile ambayo alimfundishia kusema. Rafia akaziba masikio kwa mikono yote miwili, akajikunja hadi chini ya dashibodi, akapiga yowe.

Khatir akasimama. Akatazama gari, akatazama mikono yake mwenyewe, hajui amefanya nini.

Sulayyim alishuka na kumshika bega. Alimwambia kwa Kiarabu cha redioni, kile kisicho na bonde wala jabali, "Ami, usiseme neno. Mpe mkono tu."

Mzee alikusanya kilemba, akakibana mdomoni kwa kiganja. Kisha akaenda taratibu hadi dirishani, akapitisha mkono mwingine ndani na kuuacha hapo, wazi. Marhun alizima injini. Walingoja muda mrefu kabla vidole vya Rafia havijatoka chini ya koti na kuushika.